Nilimpisha mzee kwenye zebra, nusura agongwe na gari la pembeni yangu. Kosa ni la nani?

#1 Kioo cha Pembeni

Wakuu, habari za jioni. Nimeleta kesi yangu mnihukumu, ila taratibu, maana tangu jana sijalala vizuri.

Kigiza kilikuwa kinaanza kuingia. Barabara ina leni mbili kwenda na mbili kurudi. Mimi niko leni ya nje, ile inayopakana na watembea kwa miguu, naendesha gari la mizigo lenye bodi refu lililofungwa turubai. Leni yangu inajikokota, ya ndani iko wazi. Nikafika kwenye zebra ambayo mistari yake imefutika hadi inabidi uwe unajua kwamba ipo. Pembeni kasimama mzee, fimbo mkono mmoja, mfuko mkono mwingine. Kwa jinsi alivyoiegemea ile fimbo, hakuwa amefika sasa hivi.

Nikasimama. Nikampungia mkono: pita mzee.

Akainua fimbo kushukuru, akaanza kukimbia. Mnaujua ule mkimbio wa mtu mzima asiyetaka kukuchelewesha? Magoti hayataki lakini adabu inamsukuma. Alipomaliza tu upana wa gari langu, gari dogo likapita leni ya ndani kama limefukuzwa. Halikupiga honi, halikupunguza mwendo. Mzee akaruka kurudi nyuma, bega likagonga pembe ya bampa langu, ndala moja ikabaki kule kwenye leni ya ndani.

Hakuumia. Kinachoninyima usingizi ni kwamba yule aliyepita mzee hata hakumtazama. Alinitazama mimi.

Je, nilikosea kumpisha?

#2 Kanyaga Twende

Pole mkuu. Ndala ilipona?

#3 Nusu Tanki

Kosa lako liko wapi hapo? Zebra ni ya mtembea kwa miguu, wewe umesimama, umemaliza wajibu wako. Wa kuulizwa ni huyo aliyepita. Lala usingizi.

#4 Mzee wa Breki

Nimeendesha mabasi ya masafa marefu miaka 31, sasa nimestaafu, nakaa barazani nawatazama mnavyochomekeana. Kijana, kusimama ulifanya vyema. Ulipokosea ni kwenye mkono.

Mkono wako una mamlaka kwenye leni yako peke yake. Ulipompungia yule mzee, yeye hakuelewa kwamba "mimi sitakugonga". Alielewa kwamba "njia ni salama". Hizo ni habari mbili tofauti, na hiyo ya pili hukuwa nayo. Sisi tulifundishwa hivi: simama, kanyaga breki, mikono yote kwenye usukani. Mtembea kwa miguu ataona mwenyewe kwamba umesimama, atachungulia mwenyewe leni inayofuata, atakwenda kwa mwendo wake mwenyewe.

#5 mama_wawili

Shikamoo Mzee wa Breki. Nakuheshimu lakini hapo umenena kidereva. Mimi sina gari, navuka barabara mara nne kwa siku na watoto wawili mkononi. Gari likisimama bila ishara yoyote sijui kama amenisimamia mimi, au anasoma simu, au gari limezima. Nimeshaanza kuvuka mara mbili mbele ya gari la aina hiyo, likaondoka mimi niko katikati. Mkono ndio unaoniambia kwamba ameniona.

Mkiacha kupunga mikono, sisi tutavuka lini?

#6 Mzee wa Breki

Marahaba mwanangu. Una hoja. Lakini kichwa kinatosha. Mtazame, mwitikie kwa kichwa, ajue umemwona. Mkono unaita, kichwa kinaitikia.

#7 Kanyaga Twende

Sasa gizani, nyuma ya kioo chenye tinti, kichwa atakiona nani?

#8 Fizikia Laini

Mnaongelea mikono na vichwa wakati tatizo ni mwendo. Aliyepita alikuwa na spidi kubwa. Ukitoka 50 kwenda 100 kwa saa, umbali wa kusimama unakuwa mara mbili, kwa hiyo hata angefunga breki asingesimama.

#9 Mwalimu wa Zamu

Fizikia Laini, jina lako linakusema vizuri. Si mara mbili.

Umbali wa kusimama una vipande viwili. Cha kwanza ni kile gari linachokwenda wakati ubongo bado unapokea taarifa na mguu unahama kwenda kwenye breki. Chukulia sekunde moja: kwa 50 ni kama mita 14, kwa 100 ni kama 28. Hicho kweli ni mara mbili. Kipande cha pili ni breki zenyewe, na hicho kinafuata mraba wa mwendo, kwa hiyo ni mara nne. Kwenye lami kavu, gari zima, 50 inakula takriban mita 14 nyingine, 100 inakula kama 56. Jumlisha: mita 28 dhidi ya 84. Ni mara tatu, na lami ikilowa inakuwa mbaya zaidi.

Sasa rudi kwenye kisa cha Kioo. Mzee alitokea nyuma ya bodi lenye turubai. Yule dereva alimwona kutoka umbali gani? Labda mita tano. Hata kwa 30 kwa saa anahitaji kama mita 13. Hapo breki haimwokoi mtu, anagongwa kabla mguu haujafika kwenye breki. Alipaswa kupunguza kabla hajaona chochote, kwa sababu gari kubwa limesimama mahali ambapo mbele yake pako wazi. Gari halisimami bure.

#10 Fizikia Laini

Nimekubali kuvuliwa nguo. Asante mwalimu.

#11 Sajenti Mstaafu

Nimevaa sare ya trafiki muda mrefu, niseme upande wa sheria. Nusu Tanki (#3) yuko karibu na ukweli. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unalisema wazi jambo hili: ukikuta gari limesimama mbele ya kivuko cha watembea kwa miguu, au linakikaribia, usilipite, isipokuwa kwa mwendo mdogo kiasi kwamba unaweza kusimama papo hapo mtu akitokea. Walioandika wale walikijua kisa cha Kioo kabla Kioo hajapata leseni.

Kwa hiyo kisheria, mwenye gari dogo. Lakini kwenye mafaili niliyowahi kuyafungua, aliyepita na mwenzake aliyesimama wote walijiona hawana kosa. Na aliyelala wodini hakuwa mmoja wao.

#12 Nusu Tanki

Kumbe nilikuwa sahihi. Tufunge uzi.

#13 Mzee wa Breki

Ufunge wapi? Ukiwa sahihi na mzee amekufa, utaenda kumsomea mkataba kaburini?

#14 Kanyaga Twende

😂😂 Mzee leo kaamka na gea ya tano.

#15 Msomaji wa Usiku

Mimi naona mnazunguka. Suala ni utu. Mtu mpole kabisa, anayekufungulia mlango, anayesalimia kila anayekutana naye, akishika usukani anageuka. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya gari hana jina wala sura. Kwenye foleni ya kawaida, ya watu waliosimama, ukimpita mtu anakugusa bega. Barabarani unampita bati.

Ndiyo maana Antanas Mockus, alipokuwa meya wa Bogotá miaka ya 1990, alipeleka wasanii wa maigizo ya kimya barabarani. Wamejipaka nyeupe usoni, hawasemi neno. Ukisimama juu ya zebra wanakuja mbele ya gari lako wanakuigiza, watu wanacheka. Hakuna faini. Aibu tu. Akagawa na kadi zenye kidole gumba, upande juu, upande chini, raia waonyeshane. Na tabia ilibadilika.

#16 Sajenti Mstaafu

Aibu inafanya kazi kwa mwenye nayo. Mimi nina mfano mwingine. New York, kati ya 1997 na 2002, wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa walilimbikiza tiketi za maegesho zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa. Wana kinga, hakuna wa kuwagusa. Hao si wahuni wa mitaani, ni watu wa tai, wasomi, wenye adabu zote. Mwaka 2002 jiji likapata uwezo wa kunyang'anya namba za gari za wadaiwa sugu. Makosa yakashuka kwa karibu asilimia 98. Hakuna semina iliyofanyika wala maigizo, watu walewale.

#17 Msomaji wa Usiku

Sajenti, umesoma nusu ya utafiti. Huo ni wa wachumi wawili, Raymond Fisman na Edward Miguel. Walichokuwa wanakitafuta ni hiki: wakati ule ambapo wote walikuwa na kinga sawa, nani aliegesha vibaya? Na wakakuta wanaotoka nchi zenye rushwa ndogo walikuwa na tiketi chache, wengine hawana hata moja, ingawa hakuna ambaye angewafanya lolote. Wanaotoka nchi zenye rushwa nyingi ndio waliojaza vitabu. Maana yake mtu anasafiri na tabia yake kwenye begi.

#18 Sajenti Mstaafu

Na wewe umesoma nusu nyingine. Begi lilifunguliwa siku namba za gari zilipoanza kung'olewa.

#19 mama_wawili

Utafiti mmoja, wanaume wawili, majibu mawili. Endeleeni tu, mimi nasubiri kuvuka.

#20 Fundi Bampa

Mimi ninanyoosha bodi za magari, kwa hiyo tabia zenu zinanilisha, msibadilike sana. Ila niseme ninachokiona gereji. Mteja akileta gari lililogongwa nyuma, anasema "yule aliyenigonga alikuwa kasi". Akileta lililogongwa mbele, anasema "yule wa mbele alifunga breki ghafla". Miaka yote hii hajaja mtu akasema "nilikuwa nimembana mno". Hata mmoja. Nimefikia kuamini kwamba madereva wote wabaya hawaji kwangu.

#21 Mwalimu wa Zamu

Fundi, umegusa kitu kilichopimwa. Mwaka 1981 mtafiti wa Kiswidi, Ola Svenson, aliwauliza wanafunzi wa Marekani na wa Uswidi wajilinganishe na madereva wenzao waliomo chumbani. Katika ustadi wa kuendesha, asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka juu ya mtu wa katikati. Waswidi asilimia 69. Kwa hesabu haiwezi kuzidi nusu.

Sasa pitieni uzi huu tangu juu. Kuna dereva mbaya humu?

#22 Kanyaga Twende

Nipo mimi. Natanua. Foleni ikishika napita pembeni kule kwenye vumbi. Semeni.

#23 Nusu Tanki

Kumbe ni wewe! Juzi kuna mmoja kanipita pembeni, kanimwagia kokoto kioo kizima, mbele kaja kunichomekea na mkono wa asante juu. Hiyo asante inaniuma kuliko kokoto.

#24 Kanyaga Twende

Ungeninyima nafasi ningetukana. Umenipa, nimeshukuru. Adabu gani nyingine unataka?

Halafu niwaulize: leni mbili zikiwa zinaungana kuwa moja, nyie wote mnajipanga kwenye leni moja kilomita nzima kabla, ile nyingine inabaki tupu. Mimi nikiitumia hadi mwisho naitwa mhuni. Kule Ujerumani hiyo ndiyo sheria. Wanaita mtindo wa zipu: kila leni iende hadi mwisho, hapo mnaingia kwa zamu, mmoja wa huku, mmoja wa kule.

#25 Ramani Mkononi

Hapo Kanyaga yuko sahihi nusu, na inaniuma kukiri. Mimi kazi yangu ni kuchora makutano. Leni inayokufa itumike hadi mwisho, ndiyo, barabara imelipiwa yote. Ila zipu inahitaji mtu wa upande wa pili akubali zamu, na inahitaji leni. Pembeni kwenye vumbi si leni, ni sehemu ya gari lililoharibika na ya ambulensi. Usitujie na Ujerumani kwenye vumbi.

Na kuhusu kuchomekea: mwaka 2008 Wajapani, Yuki Sugiyama na wenzake, walichapisha jaribio ambalo magari 22 yaliwekwa kwenye duara la mita 230. Waliambiwa waende 30 kwa saa, basi. Hakuna taa, hakuna tuta, hakuna wa kuchomekea. Baada ya muda foleni ikazaliwa yenyewe: mmoja kalegeza kidogo, wa nyuma kalegeza zaidi, wa nyuma yake kasimama kabisa. Na lile fundo likawa linarudi nyuma kwa karibu kilomita 20 kwa saa huku magari yanakwenda mbele. Sasa fikiria unamchomekea mtu anafunga breki. Wewe umeshafika nyumbani, fundo lako bado linatembea.

#26 Fizikia Laini

Mkuu samahani, ni Yuki Sugiyama au Yūki? Na je ni Tokyo?

#27 Ramani Mkononi

Ni mtu huyohuyo. Na Tokyo hujaisikia kwangu. Wewe leo usitafute makosa, umeshatosha pale #8.

#28 Fimbo Nyeupe

Nimesoma uzi wote kwa programu inayonisomea kwa sauti, kwa hiyo hata emoji za Kanyaga nimezisikia, ahsante.

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka tisa. Mnajadili mkono na kichwa kana kwamba kila anayevuka ana macho. Kwangu mkono wa Kioo haupo. Kinachoniambia niende ni sauti: injini iliyokuwa inakuja imeshuka, imekaa, haipandi. Kinachonichanganya ni huyu wa upande wa pili ambaye injini yake inafunikwa na muungurumo wa aliyesimama. Gari kubwa lililosimama kwa wema linaniziba masikio kama lilivyomziba mzee macho.

Na wapo wenye huruma zaidi, wanapiga honi ili kuniambia nipite. Honi! Mimi honi najua ni hatari, basi narudi nyuma. Yeye anapiga tena. Tunabaki hivyo, yeye anahuruma, mimi naogopa, hadi mtu anakuja kunishika mkono bila kuuliza na kunivusha upande ambao sikuwa naenda.

#29 mama_wawili

Fimbo Nyeupe, pole, na samahani, nimecheka hapo mwisho.

#30 Fimbo Nyeupe

Cheka tu, mimi nilichelewa kazini.

Niongeze jingine: magari ya umeme. Yakienda polepole hayasikiki kabisa. Umoja wa Ulaya uliliona hili, kuanzia 2019 aina mpya za magari hayo zinalazimika kutoa sauti yakiwa mwendo mdogo. Hapo ndipo mtu alinifikiria kabla hajanikuta barabarani.

#31 Msomaji wa Usiku

Kuna yule mtaalamu wa Ujerumani aliyeng'oa taa na alama zote, akasema watu waangaliane machoni tu. Ajali zikapungua. Hiyo inaonyesha tukiachiwa tunakuwa wastaarabu.

#32 Ramani Mkononi

Si Ujerumani, ni Uholanzi. Hans Monderman. Pale Drachten aliondoa taa kwenye makutano makubwa, akaweka mzunguko na eneo la wazi ambamo wote wanachanganyika. Alikuwa akiwaonyesha wageni kwa kutembea kinyumenyume kuingia kati ya magari, na yalikuwa yanampisha. Alifariki 2008.

Hoja yake haikuwa kwamba watu ni wastaarabu. Alikuwa anasema alama nyingi zinamfanya dereva aache kufikiri. Ukimnyima uhakika anapunguza mwendo kwa kujiogopea. Ila soma #28 tena. "Muangaliane machoni" inamwacha nje Fimbo Nyeupe, na vyama vya wasioona vimeupinga mtindo huo kwa sababu hiyohiyo.

#33 Mwalimu wa Zamu

Na uhakika unarudi. Uswidi ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri. Watu walitarajia maafa. Ajali zikapungua, kwa sababu kila mtu aliendesha kama amebeba mayai. Ndani ya miaka kama miwili zikarudi palepale. Walipozoea, mayai yakaisha.

#34 Sajenti Mstaafu

Ndiyo maana nasema tochi ya kupima mwendo na faini. Mazoea hayavunjwi kwa shairi.

#35 Kanyaga Twende

Tochi ipi? Ile ambayo madereva wote wanaotoka upande ule wanakuwashia taa kilomita mbili kabla, unapunguza, unapita umenyooka kama mwanakwaya, halafu unakanyaga tena?

#36 Nusu Tanki

Kuwashiana taa ni undugu bwana. Usiharibu.

#37 Mzee wa Breki

Undugu na nani? Nilikuwa nawasha taa miaka yote, sikatai. Siku moja nikamwashia mmoja, akapunguza, akanishukuru kwa honi. Baada ya wiki nikasikia kulikuwa na kizuizi pale kwa sababu wanatafuta gari lililogonga mtoto na kukimbia. Sijui kama ndiye. Sitajua. Tangu siku ile namwashia mtu taa kama kuna ng'ombe barabarani au ajali, basi.

#38 Nusu Tanki

Dah.

#39 Fundi Bampa

Mzee, hiyo nimeihifadhi.

Lakini turudi kwa Kioo. Mimi nasema yeye, aliyepita, mzee mwenyewe na aliyeacha mistari ifutike, wote wamo. Rangi ya zebra ni nini? Kopo na brashi. Uswidi hiyohiyo bunge lao lilipitisha mwaka 1997 kwamba mtu akifa barabarani, mchora barabara naye aulizwe, si dereva peke yake. Ramani, unasikia?

#40 Ramani Mkononi

Nasikia. Mstari wa kusimama ungewekwa mita kadhaa kabla ya zebra, bodi la Kioo lisingemziba mzee. Au kisiwa katikati ya barabara, avuke leni chache kwa wakati, apumzike. Au tuta. Ni vitu vya kawaida kabisa. Mimi nachora, anayejenga ni mwingine, anayepaka rangi ni mwingine, na anayekumbuka kuirudia ile rangi bado sijakutana naye.

#41 Nusu Tanki

Na mzee naye? Alikimbia bila kuangalia. Watembea kwa miguu nao wana wajibu.

#42 mama_wawili

Nilikuwa nasubiri atakayelisema hili. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo takriban milioni 1.19 barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni wa miguu, baiskeli na pikipiki. Hatuuani sisi kwa sisi kwa kugongana mabega. Mzee alikimbia kwa sababu gari zima lilikuwa linamsubiri yeye, na nyuma kuna honi. Kioo, palikuwa na honi?

#43 Kioo cha Pembeni

Zilikuwepo mbili. Nimesahau kuzitaja, mwenyewe nimezizoea.

Nimesoma yote, asanteni. Mzee wa Breki, ulichosema kuhusu mkono nimekibeba. Jioni ya leo nimepita palepale makusudi. Kulikuwa na binti mwenye sare ya shule, anasubiri. Nikasimama mapema, kama gari moja kabla ya mistari, ili asizibwe. Hazadi nikawasha. Mikono kwenye usukani. Nikamtazama, nikaitikia kwa kichwa.

Hakuvuka.

Akanitazama mimi, akatazama mkono wangu. Nikaitikia tena. Akarudi hatua moja nyuma. Nyuma yangu honi zimeanza, mmoja katoka kunipita leni ya ndani, na huyo ndiye nilikuwa namwogopa. Leni ya ndani ilipokuwa tupu kweli, nimeihakikisha kwenye kioo mara mbili, nikainua mkono. Akavuka palepale, anakimbia.

#44 Mzee wa Breki

Kioo kinakuonyesha waliokaribia. Yule wa mbali mwenye mbio je?

#45 mama_wawili

Alikuwa anasubiri mkono. Niliwaambia.

#46 Sajenti Mstaafu

Na huyo aliyetoka kukupita mbele ya zebra, namba yake uliishika?

#47 Kioo cha Pembeni

Sajenti, nilikuwa naangalia miguu ya mtoto.

#48 Kanyaga Twende

Na ndala?

#49 Kioo cha Pembeni

Ipo. Imeshabandikwa kwenye lami, imekuwa bapa kama karatasi. Kwa mbali unadhani ni kipande cha mstari.